Fedha za Hifadhi Zilizopita Kwetu: Historia ya Kusoma Kabla ya Kuandika Andiko la Mradi



Vikundi vingi, kuanzia Magu na Misungwi hadi Ukerewe, vimekuwa vikiuliza swali moja: tunaandikaje andiko la mradi wa kuhifadhi mazingira ili tupate ruzuku? Wapo wafugaji wa nyuki kwenye vilima. Wapo wakulima ambao makorongo yanakula mashamba yao kila masika. Wapo wachuuzi wa dagaa ambao mialo yao ilifunikwa na maji mwaka 2020, ziwa lilipopanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Wote wamesikia kwamba siku hizi kuna fedha za mabadiliko ya tabianchi, nao wanataka kujua mlango uko wapi.

Mpangilio wa andiko unaweza kuujifunza kwa siku moja: utangulizi, tatizo, malengo, shughuli, bajeti, ufuatiliaji. Kazi ngumu ni kujua cha kuweka ndani yake. Hapo ndipo historia inapokufaa, kwa sababu wewe si wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka 70 sasa, fedha za kuokoa udongo, misitu na maji zimekuwa zikija katika nchi hii. Zilitoka kwa serikali ya kikoloni, zikaja za Uswidi, za Norwe, za Benki ya Dunia, na sasa za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi wenye makao yake Korea Kusini. Miradi mingine iliondoka na magari yake. Mingine iliacha chuki. Michache iliacha miti na majani ambayo watu wanayatumia hadi leo. Tuipitie kwa mpangilio, halafu tuone inakuambia nini wewe unayetaka kuandika.

Ukara: hifadhi bila mfadhili

Tuanze na kisiwa kilicho hapa kwetu. Ukara, kaskazini mwa Ukerewe, ni kisiwa kidogo cha takriban kilomita za mraba 80, chenye vilima vya mawe na watu wengi. Maafisa kilimo wa Kiingereza walipokwenda kukichunguza katika miaka ya 1930 walishangaa. Walikuwa wamezoea kuandika kwamba Mwafrika analima, anachosha udongo, kisha anahama. Ukara waliwakuta watu ambao hawana pa kuhamia na ambao wameshajipangia namna ya kuishi na udongo wao.

Wakara walijenga kingo za mawe kwenye miteremko ili udongo usishuke. Ng'ombe walifungwa nyumbani na kuletewa majani, na samadi yao ilibebwa hadi shambani. Majani ya mifugo yalipandwa kama zao, hata kwenye mashimo na kingo zenye unyevu kando ya ziwa. Katika shamba la uwele walipanda marejea katikati, kisha wakayafukia ardhini kama mbolea ya kijani. Miti ilikuwa na wenyewe, na mwenye mti alijulikana.

Hakuna aliyewalipa posho kwa kazi hiyo. Waliifanya kwa sababu ardhi ilikuwa finyu na kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Ila kuna upande wa pili usioupenda kila mtu: Mkara alipohamia bara, mahali ambapo ardhi wakati huo ilikuwa tele, mara nyingi aliiacha kazi hiyo nzito na kulima kama majirani zake wapya. Elimu alikuwa nayo kichwani. Kilichobadilika ni sababu ya kuitumia. Likumbuke hilo utakapotaka kuandika kwamba tatizo la kijiji chako ni "ukosefu wa elimu".

Usukuma, 1947: mpango mzuri kwenye karatasi

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya, Kwimba. Hofu yao haikuwa ya kubuni. Watu na ng'ombe walikuwa wameongezeka, pamba ilikuwa inapanuka, na sehemu nyingi za katikati ya Usukuma zilikuwa zimebaki wazi bila miti. Wataalamu walipiga hesabu ya watu wangapi na mifugo mingapi ardhi ingeweza kubeba, kisha wakaandika mpango.

Mpango ulikuja na amri nyingi. Lima kwa matuta, tena funga mifereji kwa vizuizi ili maji ya mvua yasikimbie. Weka samadi. Punguza ng'ombe. Usilime kando ya mto. Hamia Geita kwenye ardhi mpya. Asiyetii alipigwa faini.

Kitaalamu, mengi ya hayo si mabaya. Matuta yenye vizuizi tunayafundisha hadi leo, na mvua ikiwa chache yanaokoa zao. Lakini ng'ombe kwa Msukuma ni benki, ni mahari, ni akiba ya mwaka wa njaa. Aliyeandika mpango aliiona mifugo kama mzigo wa ardhi, na mwenye mifugo akauona mpango kama mkono unaoingia mfukoni mwake. Wakulima wakaanza kuziona sheria za udongo na serikali ya kikoloni kuwa kitu kimoja. Mwishoni mwa 1954 serikali iliizuia TANU kufanya kazi Usukuma, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Mwaka huohuo wa 1958 machafuko yakatokea Geita, na amri za kulazimisha hifadhi zikaachwa. Baada ya hapo, kwa watu wengi, kuacha kufunga matuta kulikuwa sehemu ya kujikomboa. Ujuzi mzuri uliharibiwa jina na namna ulivyoletwa.

Uluguru, 1955: mlimani damu ilimwagika

Wakati Usukuma inanung'unika, kwenye Milima ya Uluguru mkoani Morogoro hali ilikuwa mbaya zaidi. Milima hiyo ndiyo chanzo cha Mto Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam. Misitu yake ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine duniani. Serikali iliona mashamba ya miteremkoni yanaporomoka, na kuanzia mwaka 1950 ikaja na Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru. Agizo kubwa lilikuwa kuchimba matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa kuchimba.

Matuta ya ngazi yamefanya kazi sehemu nyingi duniani. Lakini sehemu kubwa ya Uluguru ina udongo wenye rutuba usio na kina. Ukichimba ngazi, unaufukia udongo mzuri wa juu na kuutoa ule wa chini usioota kitu. Waluguru waliochimba kwa jasho waliona mavuno yakipungua. Walisema. Hawakusikilizwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukasitishwa.

Angalia kwa makini kilichokosekana. Fedha zilikuwepo. Wataalamu walikuwepo. Nia ya kuokoa maji ya mji ilikuwa ya haki. Kilichokosekana ni mtu wa kupiga jembe kwenye mteremko mmoja, kuvuna msimu mmoja au miwili, na kuonyesha kama inafaa, kabla ya kuamuru mlima mzima.

Kondoa, 1973: ardhi ilipona, lakini nani alilinda?

Baada ya uhuru tulianza kuandika mipango yetu wenyewe. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Uswidi. Maeneo ya Kondoa yalikuwa yamekatwa na makorongo makubwa mno. Mwaka 1979 uamuzi mgumu ulichukuliwa: mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika.

Ardhi ilijibu. Majani yakarudi, miti ikachipua yenyewe, mchanga ukatulia. Aliyekuwa na shaka kwamba ardhi inaweza kupona alipata jibu lake. Ila gharama iliwaangukia wafugaji walioondolewa, na ulinzi ulitegemea amri na walinzi. Fedha za Uswidi zilipokwisha katika miaka ya 1990, ng'ombe walianza kurudi kidogo kidogo. Hapo ndipo swali la mwisho la kila andiko lilipojitokeza: siku mfadhili akiondoka, nani ana sababu ya kuendelea kulinda?

Shinyanga, 1986: mradi ulioanza kuuliza

Sasa tufike kwa jirani zetu wa karibu. Shinyanga ilikuwa na misitu ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuwafukuza mbung'o. Pamba ikaongezeka, mifugo ikaongezeka, kuni zikawa haba. Kisha Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka kwenye makazi yao, na pamoja nayo wakaacha ngitili zao.

Msomaji wangu wa Kisukuma anajua ngitili ni nini. Kwa wengine: ni eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili majani yakue, kisha linafunguliwa kiangazi mifugo inapokosa chakula. Ni akiba ya majani, kama ghala lilivyo akiba ya mtama.

Mwalimu Nyerere aliitembelea Shinyanga mwaka 1984 na kuiona ardhi ilivyobaki tupu. Mwaka 1986 ukazaliwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na Norwe ikawa mfadhili mkubwa. Mwanzoni HASHI ilifanya kama miradi mingine: vitalu vya miche, miti ya kigeni, kampeni za kupanda. Mwitikio ulikuwa wa kawaida. Mambo yalibadilika wataalamu walipoanza kuwauliza watu walikuwa wanalindaje ardhi zamani, na jibu likawa ngitili.

Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi kuieleza. Mkulima hakuhitaji kununua miche elfu moja. Alifunga eneo lake, visiki vikachipua, majani yakasimama. Kijiji kikafunga la kwake. Makosa yalishughulikiwa kwenye dagashida na na sungusungu, na sheria ndogo za vijiji zikaweka nguvu ya serikali nyuma ya mila. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000, yaani kama ekari 750,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya iliyokuwa Shinyanga kubwa, pamoja na sehemu ambazo leo ni Mkoa wa Simiyu. Karibu nusu zilikuwa za kaya au za watu binafsi.

Ulipofanyika utafiti wa thamani ya ngitili mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000, ilionekana kila mtu kijijini alikuwa anapata kitu cha thamani ya wastani wa dola 14 za Marekani kwa mwezi: malisho, kuni, asali, dawa, matunda, nyasi za kuezekea. Wakati huo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi. Na bioanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama, ilirudi yenyewe: zilihesabiwa aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Mkulima alifunga eneo kwa ajili ya ng'ombe, na ndege wakaja juu yake.

HASHI ilifungwa mwaka 2004. Ngitili zikabaki.

Nisikupambie. Ngitili nazo zina kasoro. Mwenye ardhi kubwa alifunga eneo kubwa, na asiye na ardhi akabaki na njia za kupitisha mbuzi tu. Mahali pengine ngitili ya kijiji ilichungwa usiku na wenye mifugo mingi. Lakini hizo ni kasoro ambazo kijiji kinaweza kuzijadili chenyewe, kwa sababu kitu chenyewe ni chao.

Ziwani: fukusi, BMU na fedha kubwa za sasa

Kwa ndugu zetu wa mwaloni, historia ni ya karibu zaidi. Gugumaji lilipoenea ziwani katika miaka ya 1990, boti zilikwama na mialo ikafungwa. Mradi wa Usimamizi wa Mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, ulianza mwaka 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF. Silaha yake kuu haikuwa mashine. Ilikuwa wadudu wadogo jamii ya fukusi wanaokula gugumaji, waliozalishwa kwenye mabwawa na kuachiwa ziwani, na watu wa mialoni wakishiriki kuwalea. Kipindi hichohicho vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, vilianza kuundwa. Awamu ya kwanza ilimalizika 2005. Awamu ya pili ilianza 2009, na hiyo ilitoa fedha pia kwa miradi midogo ya jamii, hasa bonde la Mto Simiyu, kwa sababu ilishaeleweka kwamba udongo unaochafua ziwa unaanzia mlimani na shambani.

Leo fedha zimekuwa kubwa zaidi. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya Yuro milioni 100 kwa ajili ya mradi wa Simiyu wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi, wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria kwenye wilaya za mkoa huo. Lakini angalia fedha hizo zilipita wapi: kwenye benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, na Wizara ya Maji. Barua ya kikundi cha watu 25 haifiki huko.

Mlango wenu ni mdogo zaidi. Mfano ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF unaosimamiwa na UNDP, ulioanza duniani mwaka 1992 na ambao ruzuku yake kwa miaka mingi kwa kawaida haikuzidi dola 50,000. Unapokea maandiko ya vikundi na asasi za kijamii. Mlango mwingine ni halmashauri yako: mradi mkubwa ukishuka wilayani, wanaotafutwa kwanza ni wale ambao kazi yao inaonekana tayari.

Kwa upande wa milima, Tanzania ina mfano wa kujifunza. Mwaka 2001 ulisajiliwa Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki, EAMCEF, wenye makao Morogoro. GEF ilitoa dola milioni 7 kuwa mtaji. Mtaji huo umewekezwa, na faida yake ndiyo inayogawiwa kwa hifadhi na kwa vijiji vinavyozunguka misitu ya Uluguru, Udzungwa, Usambara na mingineyo. Mfugaji ataelewa mara moja: wanakunywa maziwa bila kuchinja ng'ombe. Mwanza haimo kwenye milima hiyo, lakini wazo la kutokula mtaji wote kwa miaka mitatu linafaa hata kwa kikundi cha kilima kimoja cha Misungwi.

Sasa andika: mambo saba kutoka historia hii

1. Anza na mnachokifanya tayari. Ngitili ilikuwa mikononi mwa watu kabla ya HASHI. Usiandike: "Jamii yetu haina elimu ya mazingira." Andika kwa mfano huu, kwa takwimu zenu za kweli: "Kaya 18 za kitongoji chetu ziliacha kulima juu ya kilima miaka minne iliyopita. Ekari 30 zimechipua. Tunaomba msaada kufikia ekari 100." Mfadhili anayesoma sentensi hiyo anaona watu walioanza bila yeye.

2. Onyesha ardhi ni ya nani na nani alikubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia utaratibu. Ambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye mahudhurio. Uliza kuhusu sheria ndogo mapema, maana lazima zipite kwenye mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Hili pia ni kinga yenu. Eneo lisilo na karatasi likishapendeza, wenye nalo huwa wengi.

3. Andika nani atapoteza. Mpango wa Usukuma ulinyamaza kuhusu mwenye ng'ombe. Kama mnafunga kilima, mbuzi wa mjane anayechunga pale watakwenda wapi? Mwanamke anayeokota kuni pale ataokota wapi mwaka wa kwanza na wa pili? Weka jibu kwenye shughuli na kwenye bajeti. Msipolijibu kwenye karatasi, mtalijibu usiku watu wakiwa wameingiza mifugo.

4. Jaribuni kidogo kwanza. Uluguru ilichimbwa mlima mzima bila majaribio ya kutosha. Kabla ya kuomba fedha za matuta kwenye ekari 200, chimba robo ekari sehemu tatu tofauti. Pima kina cha udongo mzuri. Kama ni kifupi, kingo za mawe au mistari ya majani ya malisho itakufaa kuliko ngazi.

5. Pima kabla fedha hazijaja. Pigeni hesabu ya ekari, aina za miti kwa majina ya Kisukuma au Kikerewe, upana wa korongo, saa za kutafuta kuni, mizinga na kilo za asali. Pigeni picha mkisimama mahali palepale kila mwaka. Tunaweza kuzungumzia Shinyanga leo kwa sababu kuna aliyehesabu.

6. Taja tishio la tabianchi lenyewe. Fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zinataka kuona tishio: mvua kuchelewa, mvua nyingi kwa siku chache, ukame katikati ya msimu, ziwa kupanda. Eleza njia yake hatua kwa hatua. Mvua kubwa inapiga kilima kisicho na majani, maji yanachimba korongo, mchanga unafunika shamba la mpunga bondeni, kisima kinakauka mapema. Kisha eleza mradi wenu unakata njia hiyo wapi. Ukataji wa mkaa ni tatizo la kweli, lakini usiubandike jina la tabianchi bila kuonyesha uhusiano.

7. Andika mwaka wa nne. Kama ruzuku ni ya miaka mitatu, mfadhili makini anasoma mwaka wa nne kwanza. Nani atamlipa mlinzi? Hapa ndipo wafanyabiashara mnapoingia. Asali, nyasi za kuezekea, uyoga, malisho ya kukodisha kiangazi: vitu hivyo vinahitaji mnunuzi. Kikundi kinachoambatanisha barua ya mfanyabiashara wa mnadani aliye tayari kununua asali yao kina nguvu kuliko chenye kurasa kumi za maneno. Kubalianeni sehemu ya mauzo ibaki kwenye akaunti ya hifadhi.

Kuhusu bajeti, neno moja tu: msiache kuhesabu nguvu zenu. Siku mnazofyeka njia za kuzuia moto, mawe mnayobeba, eneo mnalotoa, vyote vina thamani na huandikwa kama mchango wa jamii. Ila andikeni mlicho na uwezo nacho. Mchango wa uongo ndio wa kwanza kugunduliwa mkaguzi anapofika.

Kazi ya wiki hii

Kabla hujafungua kompyuta au kumlipa mtu akuandikie, kaeni kikundi chote na wazee wawili au watatu wa kitongoji. Waulizeni mambo matatu. Eneo hili lilikuwaje mlipokuwa vijana? Nani alikuwa analilinda, na kwa adhabu gani? Mradi gani uliwahi kupita hapa, na uliacha nini? Mmoja wenu aandike majibu kwenye daftari, pamoja na majina ya vilima, vijito na miti iliyotajwa.

Mkimaliza, daftari hilo litakuwa na nusu ya andiko lenu: historia ya eneo, tatizo, utaratibu uliowahi kufanya kazi, na mitego ya kuepuka. Mtu wa mjini mnayeweza kumlipa hawezi kuwaandikia hayo, kwa kuwa hayajui. Yeye atawasaidia kupanga kurasa na jedwali la bajeti tu.

Wafikie pia afisa misitu na afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu mapema, kikundi kisajiliwe na akaunti ifunguliwe, maana taarifa za ruzuku hutoka na muda mfupi wa kujibu. Wenye maswali waandike hapa chini wakitaja wilaya na aina ya eneo walilonalo, kilima, bonde au mwalo, ili nijibu kulingana na udongo wenu.

Tukutane tena wiki ijayo. Kila la heri shambani na mwaloni.